Maji ya Chumvi Kabla ya Wakati Wake: Kisa cha Shimo Kavu Baada ya Kung'oa Gego

Alhamisi asubuhi mwanamke wa miaka 27, mshonaji wa nguo mjini Unguja, alirudi kwenye kliniki ya meno akiwa ameshika shavu la kushoto. Gego lake la mwisho la chini lilikuwa limeng'olewa Jumatatu. Hakuwa na homa, damu haikuwa ikitoka, na uvimbe wa shavuni ulikuwa mdogo. Lalamiko lake lilikuwa moja: maumivu yaliyokwishapungua Jumanne yalirudi Jumatano mchana yakiwa makali kuliko ya jino lenyewe, yakipanda hadi sikioni na kwenye panja, na mdomo ukitoa harufu iliyomfanya aone haya kusema karibu na watu. Alikuwa amekwisha kumeza dawa za aina tatu na usiku hakulala.

Asitafutwe mtu. Kisa nimekiunganisha kutoka kwenye visa vinavyofanana mno, na kila kilichomo humu ni jambo la kawaida katika nyumba zetu za pwani. Ukawaida huo ndio ulionifanya nikiandike.

Tuanze Jumatatu. Gego lilikuwa limetokeza nusu tu, nusu nyingine imefunikwa na ufizi, na ufizi huo ulikuwa umeshavimba zaidi ya mara moja mwaka huo. Kulitoa hakukuwa kazi nyepesi. Kichwa cha jino kilivunjika, mizizi ikabidi itolewe vipande vipande, na kazi yote ikachukua karibu dakika 45. Akawekewa gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), akaambiwa aiume kwa nusu saa. Maelekezo ya nyumbani aliyapata akiwa ameshasimama mlangoni, nusu ya ulimi ina ganzi, mgonjwa wa baada yake ameshaitwa: usile cha moto, sukutua kwa maji ya chumvi, kunywa dawa zako, ukiona tatizo rudi.

Hakuna neno la uongo katika maelekezo hayo. Kilichokosekana ni saa. Maji ya chumvi ni kesho, leo hapana, na hilo halikusemwa, au lilisemwa likaishia kwenye masikio ya mtu ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye ladha ya damu mdomoni.

Ndani ya daladala aliitoa gozi mapema, akaona imelowa damu, akafadhaika. Alipofika nyumbani akaweka pamba, akaitoa aangalie, akaweka nyingine, akaitoa tena. Kila alipotoa alitema kwenye beseni, na beseni likaonekana kama mtu amechinja kuku. Ukweli ni kwamba damu kidogo sana ikichanganyika na mate mengi hupaka rangi beseni zima. Mate yenye wekundu ni ya kutarajiwa mpaka siku ya pili. Damu ya kuogopa ni ile inayojaa mdomoni upya kila unapomeza.

Alasiri mambo yalizidi, na hapo kuna sababu ambayo wagonjwa wachache huelezwa. Sindano ya ganzi inayotumika zaidi kwenye meno, ya lidokaini, mara nyingi huchanganywa na adrenalini ili mishipa midogo ya damu ibanwe na ganzi ikae muda mrefu. Nguvu yake ikiisha, saa chache baadaye, mishipa hufunguka, na kidonda kilichokuwa kimetulia huweza kuanza kuvuja tena wakati mtu yuko nyumbani peke yake. Dawa yake ni kukunja gozi safi iwe nene, kuilowanisha kidogo, kuiweka juu ya shimo lenyewe na kuiuma kwa nusu saa kamili ya saa ya ukutani, kimya, bila kuchungulia. Kila unapochungulia unaivuta damu iliyokuwa inaanza kuganda. Gozi ikikosekana, mfuko wa majani ya chai uliolowanishwa na kukamuliwa hufaa, kwa kuwa tanini ya chai husaidia damu kuganda. Pamba ya kawaida ndiyo mbaya: nyuzi zake hushika kidonda, ukiitoa unatoka na ulichokuwa unakilinda.

Kisha akaingia shangazi yake, mtu mzima mwenye heshima ya nyumba nzima, akaangalia beseni.

"Hiyo damu mbaya, mwanangu. Usiiache ikalala mdomoni, itoe yote."

"Lakini shangazi, nimeambiwa niume."

"Umeuma tangu saa tano. Sasa osha. Hata wao si wamekwambia maji ya chumvi?"

Hapo hapakuwa na la kujibu, maana ni kweli walimwambia. Akaletewa bilauri ya maji ya moto yenye chumvi nyingi, akasukutua kwa nguvu mpaka maji yakatoka meupe. Jua lilipotua alitawadha kwa ajili ya Magharibi, akasukutua mara tatu kama kila siku. Isha akafanya hivyo tena, na Alfajiri. Katikati yake alikunywa juisi ya miwa kwa mrija, kwa sababu chakula kilikuwa kinamshinda.

Ili kuelewa kilichoharibika inabidi kujua kinachofanyika ndani ya shimo. Jino likitoka, pango lake kwenye mfupa wa taya hujaa damu, na damu hiyo huganda. Donge hilo ndilo linalofunika mfupa na ncha za mishipa ya fahamu zilizoachwa wazi, na ndani yake nyama mpya huanza kuota. Kwa kawaida ndani ya wiki moja nyama hiyo huwa imeshatanda, baada ya wiki tatu au nne ufizi huwa umejifunga juu, na mfupa huendelea kujaza chini kwa miezi kadhaa. Donge likipotea katika siku za mwanzo, mfupa hubaki mtupu mbele ya mate, hewa na mabaki ya chakula. Madaktari huita hali hiyo shimo kavu. Mmarekani Crawford aliieleza mwaka 1896, na mpaka leo ndiyo shida inayorudisha watu wengi kliniki baada ya kung'olewa jino. Katika ung'oaji wa kawaida huwapata takriban watu 1 hadi 5 kati ya 100. Kwa magego ya mwisho ya chini baadhi ya tafiti zimefikia hata 30 kati ya 100.

Dalili yake kubwa ni mwendo wa maumivu, kuliko hata ukali wake. Maumivu ya kawaida ya kung'oa jino hushuka siku hadi siku. Ya shimo kavu hutulia kwanza, halafu yanarudi siku ya pili, ya tatu au ya nne yakiwa makali, yakisambaa kuelekea sikioni, na dawa za kawaida zikiyagusa tu. Mshonaji wetu alieleza mwendo huohuo bila kuulizwa. Alipofunguliwa mdomo, shimo lilikuwa na mabaki ya kijivu badala ya donge jeusi-jekundu, na kuta za mfupa zikiguswa kidogo tu alirukaruka kwenye kiti. Usaha haukuwapo.

Je, ni maji ya shangazi yaliyofanya haya? Nyumbani jibu lilikuwa limeshatoka: mama mkwe alikuwa upande mmoja akilaumu maji, shangazi upande wa pili akilaumu daktari. Mimi naona wote wawili wameshika kipande. Watu wengi hufikiri donge hung'oka likatoka lote kwa mpigo. Hilo linawezekana, lakini maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba donge huyeyushwa: mfupa uliosumbuliwa sana, na vijidudu vilivyokuwapo tangu awali, huamsha kemikali za mwili zenyewe zinazovunja nyuzi za damu iliyoganda. Ndiyo maana ung'oaji mgumu, ufizi uliokuwa ukivimba vimba kabla, na gego la chini vyote huongeza hatari hata kwa mgonjwa mtiifu kupindukia. Huyu alikuwa navyo vyote vitatu. Zaidi ya hapo alikuwa anatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, ambavyo pia vimehusishwa na shimo kavu katika tafiti nyingi. Hakuna aliyemuuliza habari ya vidonge hivyo, naye hakuona vinahusiana vipi na jino.

Kwa hiyo alitoka kliniki akiwa tayari yuko kwenye mteremko. Kutema, kusukutua jioni ileile na kuvuta kwa mrija vilimsukuma. Kama angekuwa mvutaji sigara au shisha ningesema hilo kwanza kabla ya yote, kwa sababu moshi hupunguza damu inayofika kwenye kidonda na uvutaji wenyewe unanyonya shimo. Hakuwa mvutaji.

Jumatano usiku ndipo ilipokuja chupa ya mafuta ya karafuu, na hapa kisa kinanoga. Zanzibar haihitaji kufundishwa karafuu. Katika kiwanda cha Wawi, Pemba, makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hutolewa mafuta ambayo sehemu kubwa yake ni yujenoli, na yujenoli ni dawa halisi ya meno: hutuliza mishipa ya fahamu na kuua vijidudu. Shangazi alichovya pamba, akaibana ndani ya shimo. Kwa dakika chache maumivu yalififia, kisha ufizi ukaanza kuwaka. Alhamisi kulikuwa na doa jeupe lililoungua pembeni mwa shimo, kidonda cha pili juu ya kidonda cha kwanza.

Kinachochekesha ni kwamba dawa aliyowekewa kliniki asubuhi hiyo ilinukia karafuu vilevile. Shimo lilisafishwa taratibu kwa maji ya chumvi ya vuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na ncha kali, bila kukwangua mfupa, kisha likawekwa kipande chembamba cha gozi kilichopakwa mchanganyiko wa zinki oksidi na yujenoli. Ndani ya mchanganyiko huo yujenoli hushikwa na zinki, ikawa inatoka kidogo kidogo. Mafuta ghafi hayana wa kuyashika, hukutana na nyama tupu kwa nguvu zake zote. Shangazi alikosea kipimo na umbo, dawa aliijua. Kabla ya saa moja kupita mgonjwa alikuwa anaongea kwa sauti yake ya kawaida.

Upande wa dawa za kumeza, alikuwa amenunua dukani antibiotiki, amoksilini za siku mbili (fedha iliyobaki ndiyo iliyoamua idadi), pamoja na diklofenaki, juu ya parasetamoli aliyopewa Jumatatu. Shimo kavu si usaha. Bila homa, bila uvimbe unaokua, bila tezi zilizovimba, antibiotiki haimpunguzii mgonjwa maumivu, na kuimeza bila haja kunamfundisha kijidudu ujanja wa kuishinda dawa. Akaambiwa aachane nayo. Kwa maumivu alipewa mpango wa dawa mbili zinazosaidiana: ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, mara tatu kwa siku, na parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, bila kuvuka gramu 4 ndani ya saa 24. Diklofenaki iliwekwa kando, kwa kuwa ni ndugu wa ibuprofeni na wawili hao hawaliwi pamoja. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, au mjamzito, asianze ibuprofeni bila kuuliza. Na asiyekuwa na kidonda cha tumbo leo anaweza kukipata kwa kuzimeza kwenye tumbo tupu kwa sababu mdomo unauma kula, jambo ambalo hutokea sana.

Ijumaa alirudi mara ya pili akiwa na shangazi, na nadhani huko ndiko matibabu yenyewe yalikofanyika. Gozi ilibadilishwa kwa dakika tano. Maelezo yalichukua muda mrefu zaidi, na safari hii yalielekezwa kwa anayeshika bilauri nyumbani.

Shangazi aliuliza moja kwa moja: kama kusukutua siku ya kwanza ni vibaya, mtu atawadhe vipi? Swali hilo linastahili kujibiwa kabla ya mgonjwa yeyote Mwislamu hajashuka kwenye kiti, maana kutawadha ni kusukutua mara kadhaa kwa siku, na hakuna karatasi ya maelekezo niliyoiona ikilitaja. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Zanzibar na pwani yote, kusukutua ndani ya udhu ni sunna, udhu hausimami wala kuanguka kwa hilo. Mwenye mashaka amuulize sheikh wake. Na kwa asiyetaka kuiacha sunna kuna njia ambayo kila aliyefunga Ramadhani anaijua mwilini: aliyefunga hasukutui kwa kuzidisha. Anaingiza maji kidogo, anainamisha kichwa, maji yanatoka yenyewe. "Sukutua kama umefunga," tukamwambia, na shangazi akacheka, akasema hilo angeambiwa Jumatatu lisingemshinda. Naamini hivyo pia. Sentensi hiyo inabeba upole, mwinamo na kutotema, na haimwachi mtu akihesabu kanuni.

Baada ya saa 24 za kwanza mambo hugeuka, na kinachokatazwa leo kinakuwa kazi ya kesho. Kuanzia siku ya pili maji ya chumvi yanatakiwa: kijiko cha chai kimoja au nusu yake kwenye bilauri ya maji yaliyochemshwa yakaachwa yapoe hadi vuguvugu, mara nne kwa siku na kila baada ya kula, kwa mtindo uleule wa aliyefunga. Mtu aliyeogopeshwa sana siku ya kwanza hukosea upande wa pili: hagusi mdomo wiki nzima, hapigi mswaki, mabaki yanaoza shimoni. Mswaki kwenye meno mengine hauna sababu ya kukoma hata usiku wa kwanza, ila povu liachwe lidondoke badala ya kutemwa kwa nguvu. Karibu na kidonda, mswaki laini kuanzia kesho yake.

Chakula hakikuhitaji maneno mengi. Uji wa vuguvugu, ndizi za kuponda, mayai, supu iliyopoa, vyote kwa kijiko na upande wa pili wa mdomo. Alitaka kujua kuhusu urojo, na jibu likawa hapana kwa wiki hiyo: moto, ndimu, pilipili, halafu bajia zilizovunjwavunjwa juu yake, sijui chakula kingine kinachokusanya maadui wengi wa kidonda katika bakuli moja. Madafu ruhusa, mrija hapana. Kwa uvimbe, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa ikae shavuni dakika 20 kisha itolewe, na hii ina maana siku ya kwanza zaidi. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo anayeamka Jumatano na shavu kubwa kuliko la Jumatatu jioni bado yuko ndani ya kawaida, mradi hauendelei kukua baada ya hapo.

Kilichowekewa mkazo zaidi ni chelewa, kile kijiti cha ukuti wa mnazi cha kuchokolea meno. Shimo likibaki wazi kwa wiki kadhaa, punje za wali huingia, na mkono wa mtu huenda wenyewe kwenye kijiti. Kuchokonoa huvunja nyama mpya na kuingiza uchafu. Alipewa bomba dogo la plastiki lenye mdomo uliopinda, la kupulizia maji ya chumvi shimoni polepole baada ya kila mlo, lianze kutumika dawa ya shimoni itakapotolewa kabisa.

Akatajiwa pia mambo ambayo yakitokea hayangojei asubuhi: damu isiyokata baada ya kuuma gozi nusu saa mara mbili mfululizo, uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, homa, shida ya kumeza au kupumua, mdomo unaozidi kukataa kufunguka. Hayo ni ya hospitali, usiku huohuo. Mdomo wa chini ukibaki na ganzi siku inayofuata, hilo nalo arudi aliseme, ingawa halina haraka ya usiku.

Dawa ya shimoni ilibadilishwa tena Jumapili, ikatolewa Jumanne. Kwenye kuta za shimo kulikuwa na nyama nyekundu inayoota, doa la kuungua limefifia, ibuprofeni ameshaiacha mwenyewe na kubaki na parasetamoli ya usiku. Mfupa haukuwa ukiuma ukiguswa. Akaruhusiwa kurudi kwenye cherehani.

Limebaki gego la mwisho la kulia, nalo limetokeza nusu kama mwenzake. Kwa sasa halimsumbui, na ufizi wake ni mzima, kwa hiyo limeachwa likiangaliwa. Kwenye faili yake kumeandikwa kwamba amewahi kupata shimo kavu na kwamba anatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Siku likihitaji kutoka, asafishwe ufizi kwanza, asukutue kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, kabla ya sindano, na maelekezo ya nyumbani asomewe yeye na shangazi kabla ganzi haijachomwa.